Benedicto Kiwanuka: jaji aliyekuwa na deni kwa mfalme



Tunaandika kutoka Luhwindja, katika milima ya Mwenga. Majuma machache yaliyopita tulikaa na wazee wa kanisa kusikiliza shauri la shamba. Wachungaji wenzetu wanaijua kazi hii. Kabla watu hawajapanda kwa mwami, na kabla hawajashuka Bukavu kutafuta avoka, wengi huja kwanza kwetu, kwa sababu kwetu hakulipwi kitu na kwa sababu wanaamini tunamcha Mungu. Siku ile upande mmoja alisimama mjane, na upande wa pili mkristo mwenzetu ambaye, miaka michache iliyopita, alitoa mabati ya kufunika nyumba ya ibada.

Hakuna aliyeyataja mabati yale. Lakini sisi tuliokuwa mbele tulijikuta tunamwuliza mjane maswali makali, na yule mwingine tunamwuliza kwa upole. Mwishoni tukasema shauri liahirishwe. Usiku hatukupata usingizi. Tulimkumbuka mtu ambaye tulisoma habari zake tulipokuwa chuo cha theolojia, jaji mmoja wa nchi jirani ya Uganda, ambaye naye alikuwa na deni kwa mtu mkubwa. Leo tunataka kuwasimulia maisha yake, kwa maana vijana wengi wa makanisa yetu ya mashariki hawajalisikia hata jina lake.

Mtoto wa Buddu

Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 huko Buddu, upande wa Masaka, katika ufalme wa Buganda. Jamaa yake walikuwa Wakatoliki, na yeye alibaki Mkatoliki mpaka kifo. Hilo tunalisema mapema kwa sababu litarudi mbele.

Hakuzaliwa katika nyumba ya wakubwa. Vita ya pili ya dunia ilipowaka, aliingia jeshi la Waingereza mwaka 1942, akatumika hadi 1946, kama vijana wengi wa Afrika Mashariki waliopelekwa mbali na kwao kwa vita ambavyo si wao walioanzisha. Aliporudi alipata kazi ya mkalimani katika Mahakama Kuu.

Kazi ya mkalimani ni ndogo machoni pa watu, lakini tunadhani ilimfundisha mengi. Mkalimani husimama katikati. Upande mmoja yupo jaji Mzungu aliyevaa joho, upande wa pili yupo mkulima asiyejua hata neno moja la lugha inayotumiwa kumhukumu. Maneno ya wote wawili hupita kinywani mwake, naye anasikia jinsi neno la mnyonge linavyopungua likifika juu, na jinsi neno la mkubwa linavyoongezeka uzito likifika chini. Sisi tunaohubiri kwa Kiswahili huku mwenzetu akitafsiri kwa Mashi tunaelewa kidogo jambo hilo.

Kiwanuka hakutosheka kutafsiri sheria za wengine. Alikwenda kusoma chuo cha Wakatoliki cha Pius XII kule Roma, katika nchi ya Lesotho, ambayo wakati ule iliitwa Basutoland. Kisha mwaka 1952 akaenda London kusoma sheria, na mwaka 1956 akakubaliwa rasmi kuwa wakili. Alirudi nyumbani akafungua ofisi yake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa mmoja wa Waafrika wachache sana wa nchi yake wenye elimu ile.

Siasa iliyogawanywa na dini

Hapa sisi Waprotestanti inatupasa kusema kweli, hata kama inatuuma.

Katika Buganda ya wakoloni, dini ya mtu ilikuwa kama kitambulisho. Vita vya mwisho wa karne ya 19 vilikuwa vimewapa Waprotestanti nafasi ya kwanza, na tangu hapo waziri mkuu wa Kabaka alikuwa Mprotestanti. Mwaka 1955 Mkatoliki aliyeheshimika, Matayo Mugwanya, alikaribia sana kukipata kiti hicho, akakikosa. Wakatoliki wengi, ambao kwa hesabu walikuwa wengi kuliko Waprotestanti, waliona wamefungiwa mlango. Katika uchungu huo ndimo Chama cha Kidemokrasia, DP, kilipata nguvu zake. Mugwanya alikuwa kiongozi wake wa kwanza, na mwaka 1958 Kiwanuka akachukua nafasi yake.

Kwa hiyo Waprotestanti wengi wa Uganda hawakumpenda Kiwanuka, na sababu ya kwanza haikuwa maneno yake bali kanisa alilokwenda Jumapili. Tunaandika hili kwa ajili yetu pia. Hata katika vijiji vyetu tumewahi kumpima mtu kwa kuuliza anasali wapi kabla ya kuuliza anatenda nini.

Ndugu zake Waganda nao walikuwa na lawama yao. Kiwanuka alitaka Uganda moja yenye serikali moja. Wakuu wa Mengo, makao ya Kabaka, walitaka Buganda isimame peke yake, au angalau iwe na mamlaka makubwa. Waliona ni matusi kwamba mtu wa kawaida kutoka Buddu angesimama juu ya mfalme katika serikali. Ulipofika uchaguzi wa Machi 1961, Mengo iliwaambia watu wake wasipige kura. Wengi walitii. Wachache waliothubutu kupiga kura katika Buganda waliichagua DP, na chama kikapata viti 43 katika bunge, dhidi ya viti 35 vya chama cha UPC cha Milton Obote, ingawa UPC ilikuwa na kura nyingi zaidi kwa jumla.

Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopewa kujitawala mambo ya ndani, akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi ile. Hakukaa. Mwezi wa Aprili kulikuwa na uchaguzi mwingine. Obote alikuwa amefanya mapatano na Mengo, na viti 21 vya Buganda havikupigiwa kura na wananchi bali vilijazwa na baraza la Kabaka, Lukiiko. Kiwanuka akashindwa, na hata kiti chake mwenyewe cha bunge akakikosa. Tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya uhuru ilipopandishwa Kampala, mtu aliyekuwa waziri mkuu miezi sita nyuma alikuwa raia wa kawaida.

Tukumbuke majira yale. Sisi Kongo tulikuwa tumepata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na kufikia Januari 1961 waziri mkuu wetu wa kwanza, Patrice Lumumba, alikuwa ameuawa. Katika nchi nyingi zilizotuzunguka kiti cha serikali kilikuwa kinaanza kunuka damu. Kiwanuka aliposhindwa hakukimbilia msituni wala hakuita askari. Aliachia ofisi, akarudi kwenye uwakili, akaendelea kukiongoza chama chake kwa maneno. Wengine walisema alikuwa mtu mkaidi, mwenye ulimi mkali, asiyejua kuinama. Inawezekana. Lakini ukaidi wake aliutumia kwa kalamu na kwa mdomo.

Kutoka gerezani hadi kiti cha Jaji Mkuu

Mapatano ya Obote na Mengo hayakudumu. Mwaka 1966 askari waliivamia ikulu ya Kabaka, na Kabaka mwenyewe akakimbilia Uingereza. Aliyeongoza askari wale alikuwa Idi Amin. Mwaka 1969 Kiwanuka alitiwa gerezani na serikali ya Obote.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alimpindua Obote. Watu wa Kampala walicheza barabarani. Kwa siku chache Amin alionekana kama mkombozi, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwafungulia wafungwa wa siasa 55. Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Miezi mitano baadaye, mwisho wa Juni 1971, Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu wa Uganda, wa kwanza mwenyeji wa nchi kukalia kiti kile.

Wapendwa, hapa tusimame kidogo. Mtu huyu alikuwa mfungwa, na Amin ndiye aliyemfungulia. Wenzake wa Mengo na wa UPC walikuwa wamemtupa, na Amin ndiye aliyemwinua. Kwa desturi zetu hilo ni deni kubwa. Mtu akikutoa gerezani na kukupa kazi, ukoo wako wote utakuambia usimsahau. Ukimpinga, watakuita asiye na shukrani, na kwetu neno hilo ni karibu na laana.

Wapo wanaouliza mpaka leo kama Kiwanuka alikosea kukikubali kiti kile. Alimjua Amin ni askari wa namna gani, maana shambulio la 1966 lilikuwa wazi kwa wote. Sisi hatutamtetea kwa kila jambo. Huenda aliamini kwamba sheria, ikikaliwa na mtu mwaminifu, ingeweza kumfunga kamba askari. Huenda pia, baada ya miaka ya kusukumwa pembeni, alifurahi kuheshimiwa. Moyo wa mtu una vyumba vingi. Tunachojua ni kile alichofanya siku deni lilipodaiwa.

Septemba 1972

Mwaka 1972 ulikuwa mwaka mbaya kwa Uganda. Mwezi wa Agosti Amin aliwapa watu wenye asili ya Asia siku 90 waondoke nchini. Maduka na viwanda vikanyang'anywa. Askari walikuwa wanakamata watu mchana na usiku, na jamaa wakiuliza, hakuna aliyewajibu.

Kati ya waliokamatwa na jeshi alikuwa Mwingereza mmoja mfanyabiashara, jina lake Daniel Stewart. Hakushtakiwa mahali popote. Mawakili wake walikwenda Mahakama Kuu na ombi la zamani sana katika sheria za Waingereza: kwamba yeyote anayemshikilia mtu aamriwe kumleta mbele ya jaji na kuonyesha ni sheria gani inayomruhusu kumshika. Kama hana sheria, amwachie.

Ombi likafika kwa Kiwanuka. Wakati ule Waingereza walikuwa wanatukanwa kila siku redioni. Jaji mwenye hekima ya dunia hii angeweza kutafuta njia. Angesema karatasi hazijakamilika. Angeugua siku ile. Angeahirisha, kama sisi tulivyoahirisha. Hakuna Mganda ambaye angemlaumu kwa ajili ya mgeni.

Kiwanuka aliamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kumkamata raia na kumfunga. Akaamuru mtu yule aachiliwe. Maana ya uamuzi ule kila mtu aliielewa. Kama askari hawana haki ya kumshika Stewart, basi hawana haki ya kuwashika mamia ya Waganda waliokuwa katika kambi zao. Jaji alikuwa amemwambia aliyemtoa gerezani kwamba hana ruhusa ya kuwafunga wengine.

Amin alikasirika sana. Tarehe 17 Septemba wapiganaji waliomuunga mkono Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakashindwa. Shambulio lile likampa Amin nafasi ya kuwamaliza wote aliowashuku. Siku nne baadaye, tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, mjini Kampala, mchana, wakamkuta Jaji Mkuu ofisini kwake. Walimtoa nje mbele ya wafanyakazi, wakamtia ndani ya gari, wakaenda naye. Hakuonekana tena. Serikali ilikana kuhusika. Inajulikana kwamba aliuawa mikononi mwa watu wa Amin. Alikuwa na miaka hamsini. Mwili wake haukupatikana mpaka leo, na mkewe Maxencia hakupata kaburi la kulilia.

Nyumba ile ambamo mnyonge alipaswa kukimbilia ndiyo nyumba alimokamatiwa jaji. Baada ya hapo ni nani angethubutu kupeleka ombi? Mwezi uliofuata alichukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa chuo kikuu cha Makerere, naye hakurudi.

Mkatoliki na Mwanglikana

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi wa mashariki ya Kongo. Mwezi wa Februari 1977 Amin alimwua Askofu Mkuu Janani Luwum, kiongozi wa Waanglikana. Jimbo alilolisimamia Luwum lilijumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga, ile Boga ya Ituri. Kwa hiyo alikuwa mchungaji wa wakristo wa Kongo pia. Yeye na maaskofu wenzake walikuwa wameandika barua kumlalamikia rais kwa ajili ya mauaji na kamatakamata.

Hivyo katika miaka mitano Amin aliwaua Mkatoliki aliyekaa kiti cha sheria na Mprotestanti aliyekaa kiti cha kanisa, kwa kosa lile lile: walimwambia kwamba mwanadamu hashikwi wala hauawi bila sheria. Wale waliogombana miaka mingi nani awe waziri wa Kabaka, Mkatoliki au Mprotestanti, walipewa jibu la kutisha. Mdhalimu hakuuliza mtu anasali wapi.

Amin alikimbia Kampala mwezi wa Aprili 1979. Tangu mwaka 2018 mahakama za Uganda hufanya kumbukumbu ya Kiwanuka kila Septemba, na majaji huketi kusikiliza habari za mwenzao ambaye hana kaburi.

Sisi tunajifunza nini?

Maandiko yanatupa majaji wa kila namna. Katika Kutoka 18, Yethro anamshauri Musa achague watu wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Katika 1 Wafalme 21, wazee wa Yezreeli wanapokea barua ya Yezebeli na kumhukumu Nabothi kwa uongo, apoteze uhai na shamba lake. Wazee wale hawakuwa wageni. Walikuwa majirani wa Nabothi. Kilichowashinda ni muhuri wa mfalme juu ya barua. Kiwanuka naye alikuwa na muhuri wa mfalme juu ya kazi yake yote, na hakuihukumu damu ya mtu kwa ajili ya muhuri huo.

Nchi yetu ina sheria nzuri. Katiba ya 2006 inasema mtu aliyekamatwa asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Inasema pia kwamba jaji, anapotoa hukumu, hutii sheria peke yake. Lakini ni wangapi kati yetu wamekwenda kuona ndugu kachoni na kuhesabu saa hizo? Wangapi wamelipa pesa kimya kimya ili atoke, tukamshukuru Mungu, na kumwacha ndani jirani asiye na wa kumlipia?

Luhwindja ni nchi ya dhahabu na ya mashamba ya mteremko, na palipo na dhahabu hapakosi madeni. Huyu amemsaidia mchungaji kusomesha mtoto. Yule ameleta saruji. Mwingine ametupa lifti hadi Bukavu mvua ilipoharibu barabara. Si dhambi kupokea. Dhambi huanza siku ambapo aliyetupa anasimama mbele yetu na mtu asiyetupa kitu, nasi tunajifanya hatukumbuki.

Hatusemi kila mzee wa kanisa atakamatwa na wenye silaha. Kwa wengi wetu gharama ni ndogo kuliko hiyo: kukasirikiwa, kukosa mchango wa mavuno, kuitwa wasio na shukrani. Na kwa gharama hiyo ndogo tumeshindwa mara ngapi?

Tuliwaita tena wale wawili. Kabla ya kusikiliza neno lolote, tulisimama tukasema mbele ya wote kwamba mmoja wao ametusaidia kwa mabati, na kwamba mara ya kwanza hatukumsikiliza mjane kama ilivyopasa. Tukamwomba msamaha. Tukamwomba mchungaji wa parokia nyingine aongoze shauri mahali petu. Mwenye mabati alinyamaza muda mrefu, akatoka nje, kisha akarudi akaketi. Shauri bado linaendelea. Wazee watapanda shambani kutazama mipaka na miti ya zamani. Hatujui kama ataendelea kuketi nasi Jumapili. Mjane safari hii alisema mpaka akamaliza.

Tunaomba makanisa ya Bukavu, ya Uvira, ya Goma na ya milimani mkumbuke katika maombi majaji na mahakimu wa nchi yetu, hasa wale wanaofanya kazi katika miji iliyozungukwa na bunduki. Mwombeeni pia kila mzee anayekaa chini ya mti kuamua neno la shamba. Na kama katika kusanyiko lako kuna mtu anayesubiri jibu la shauri lililoahirishwa, usipite siku saba bila kumwita.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.